Taa ya Nyaya Mbili

Asubuhi huku Nguba, mjini Bukavu, ukungu wa Ziwa Kivu ukiwa haujaachana na miti, unaweza kuyajua magari ya majirani kwa sauti tu. Letu lilijulikana kuliko yote: Volkswagen ya mwaka 1968, ile ya mgongo wa kobe, aliyotuachia marehemu baba. Iliwaka vizuri. Baada ya dakika kumi za barabara, injini ikishapata moto, ilizima ghafla. Ukingoja nusu saa ikakubali kuwaka tena, kisha ikazima vilevile.

Fundi wa kwanza alibadilisha karbirateri. Wa pili akabadilisha pompi ya esanse (petroli). Akiba yangu yote ikaishia kwenye vipuri, na gari halikuongeza hata dakika moja. Wote wawili walikuwa na mikono mizuri, na sina kinyongo nao, ila walifungua kabla ya kuuliza.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya garaji, alikuja Jumamosi moja na mfuko mdogo wa plastiki. Nikamwonyesha kisanduku changu cha kle. Akakiweka kando.

"Mwanangu, leo hatufungui kitu. Liwashe, tukae."

"Na likizima, Papa?"

"Ndilo tunalongoja."

Tukakaa uani kwenye viti, injini ikinguruma. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona mtu akisikiliza kwa bidii namna ile. Lilipozima alitoa mfukoni balbu ndogo ya taa ya nyuma, iliyounganishwa na nyaya mbili. Waya mmoja akaushikiza kwenye bodi, wa pili akaugusisha kwenye bobini (koili), upande unaoingia umeme. Balbu ikawaka: umeme unafika. Akauhamishia upande wa pili, unaoelekea kwenye deliko (kile kinachogawa cheche kwa silinda), akaniambia nizungushe stata. Balbu ikakonyeza, ikakonyeza: platini, vile vidomo viwili vya ndani ya deliko, zinafunguka na kufungika. Kisha akachomoa bujii (ndugu zetu wa pwani huiita plagi), akailaza juu ya chuma cha injini. Cheche iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya manjano, nayo ilipaswa kuwa ya buluu na kulia kama kijiti kinachovunjika.

Hapo tu ndipo tulipofungua deliko. Nyuso za platini zilikuwa zimeungua na kuingia vishimo. Mzee akagusa kikopo cha chuma, kidogo kama ncha ya kidole, kilichofungwa ubavuni: kondansateri. Kazi yake ni kuupokea umeme pale platini zinapoachana, ili usiruke kati yake na kuziunguza. Chetu kilifanya kazi kikiwa baridi, kikipata moto kinashindwa. Tukaweka kipya, tukaweka platini mpya, tukapima nafasi yake milimita 0.4. Toka balbu ilipowaka mara ya kwanza hadi jibu haikupita saa moja, na bei ya kikopo kile haikufikia ya kuku mmoja katika soko la Kadutu.

Watu humsifu fundi kwa kufunga na kufungua. Mimi tangu siku ile namsifu kwa kungoja. Injini ya esanse inadai mambo matatu tu: esanse na hewa kwa kipimo, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Gari la zamani linakuruhusu kuyaona yote matatu kwa macho yako, uani kwako, ukithubutu kuuliza moja baada ya jingine na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha viwili pamoja, hata gari likipona hujui kilichokuwa kikiumwa.

Na wakati mwingine mgonjwa si gari. Miezi michache baadaye nilikuta bujii zote nne zimejaa masizi meusi. Nikafikiri karbirateri imekufa. Mzee akacheka, akanyoosha mkono kuelekea milimani. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Karbirateri iliyopimwa kwa nchi za chini inamimina esanse kama kawaida, hewa haitoshi, masizi yanabaki. Ndani yake kuna kijiti cha shaba chenye tundu, na nambari iliyochongwa juu yake ndiyo upana wa tundu: 125 ni milimita 1.25. Tukaweka chenye tundu dogo zaidi. Bujii zikageuka rangi ya kahawa yenye maziwa, na hiyo ndiyo rangi ya afya.

Lakini alinikataza kile cha zamani kukitupa. Ukishuka milima ya Ngomo kwenda Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, unapoteza mita kama 700 za kimo, hewa inakuwa nzito, na tundu dogo linaitesa injini kwa njaa na joto. Ya kwanza kuumia ni silinda ya tatu. Katika injini za kabla ya 1971 kipozea oili kimekaa ndani ya njia ya upepo unaoipoza silinda hiyo, kwa hiyo yenyewe hupata upepo uliokwisha kupashwa moto, na vali yake huungua kabla ya nyingine. Volkswagen wenyewe waliujua udhaifu huo, wakakihamisha kipozea. Sasa nina vijiti viwili, kimoja cha Kivu, kimoja cha Tanganyika; kisichotumika hukaa ndani ya kopo la vidonge.

Magari haya yaliacha kutengenezwa mwaka 2003, huko Puebla, Mexico. Yaliyobaki Bukavu yataishi kwa kadiri ya watu wanaojua kuyauliza, na wazee wanaojua hawafundishi darasani. Kijana unayejifunza garaji Kadutu au Bagira, kamtafute mmoja wiki hii, ukae naye uani injini ikinguruma. Ukienda, nenda na balbu ya volti 12 na nyaya mbili.