Lenzi ya Milimita 6 Ilivyoharibu Kupatwa kwa Mwezi

Usiku ule wa 7 Septemba 2025 uliharibiwa na lenzi. Mliotazama kupatwa kwa mwezi mnakumbuka ratiba: saa 2:30 mwezi ukazama wote kivulini, ukakaa humo dakika 82, na huku kwetu mashambani Kondoa Njia Nyeupe ikajianika utosini. Kwa mtoto wa miaka 5, saa hizo ni bahati, maana kupatwa kwingine hutukuta alfajiri. Maandalizi ya baba wa mtoto mmoja wa umri huo sina neno nayo: mkeka, blanketi, chupa ya uji, na mtoto kalazwa mchana.

Ikafika saa 2:34. Mtoto kalala chali, ndiyo kwanza anauliza mwezi umeunguzwa na nani. Swali la maana kabisa, na jibu lipo: mwanga uliopita pembezoni mwa dunia, ule ule wa machweo. Baba hakujibu. Akamnyanyua mkekani ampeleke kwenye darubini akaone Zohali. Zohali, mwaka wenyewe ambao pete zilitugeuzia ubavu Machi na Septemba zilikuwa bado uzi tu! Akaamua kubadili lenzi, kutoka milimita 25 kwenda 6. Ile ndogo ikawa haionekani mfukoni. Akawasha tochi ya simu, nyeupe, na ikammulika mtoto usoni.

Jicho huhitaji kama nusu saa ya giza ili rodopsini, rangi ya jicho ya kuonea gizani, ijijenge. Mtoto alikuwa gizani tangu machweo, kisha akapoteza yote kwa sekunde chache. Tochi ingefunikwa kitambaa chekundu, tungesameheana. Na hiyo lenzi ya 6 inaonyesha kipande cha anga chembamba mno. Bila mota, sayari inapita na kutoka yenyewe. Mtoto akashika bomba kwa mikono miwili, kama watoto wote wafanyavyo, Zohali akatoweka. Baba akamtafuta Zohali tena. Mtoto akafumba macho yote mawili akasema ameona.

Niliwahi kulalamika hapa juu ya darubini za plastiki zenye “525x” kwenye boksi, na sijaacha. Kipenyo cha milimita 60 hakibebi zaidi ya mara 120 hivi. Kinachobaki ni ukungu uliokuzwa. Ila afadhali boksi, hasara yake ni bei tu. Uamuzi wa saa 2:34 ulikula sehemu nono ya kupatwa, na mtoto aliporudi mkekani alikuwa anauliza uji.

Mlinganishe na Katharina Kepler. Yeye hakuwa na lenzi, maana darubini zilikuwa hazijaanza. Mwaka 1577 alimpandisha kilimani mwanawe Johannes, akiwa hajafikisha miaka 6, akamwonyesha nyota yenye mkia. Mwaka 1580 wazazi wakamwita nje kutazama kupatwa kwa mwezi, na Kepler, mtu mzima aliyeandika kanuni za mwendo wa sayari, bado alikumbuka kwamba mwezi ulikuwa mwekundu. Macho matupu, na mzazi aliyejua kumwachia mtoto kitu kimoja.

Tutashuhudia kupatwa kwingine kamili jioni ya 31 Desemba 2028, mwezi ukiwa bado chini upande wa mashariki. Zohali naye atakuwepo, safari hii na pete zilizofunguka vizuri. Baba yule amsubiri mpaka mwezi utoke kivulini.