Mabano Yanayofunguka

Anayeandika tasnifu kwa LaTeX, programu ya kupanga waraka kwa amri, anaijua raha hii: unaandika amri moja fupi na mabano yanajijaza yenyewe, (Chiraghdin na Mnyampala 1977: 45), wewe huhangaiki na mkato wala nukta pacha. Ukiongeza hyperref, kifurushi alichokianzisha Sebastian Rahtz, mabano hayo yanabofyeka. Ila yanakupeleka kwenye orodha ya marejeo, mwisho wa waraka, ukasome jina la kitabu ambalo tayari unalijua. Kitabu chenyewe umekwisha kukiskani, kimo kwenye kompyuta hiyohiyo, na hakuna anayekugusia.

Wapo wasioridhika na hali hiyo, nami nawasifu. Wanaingia ndani ya biblatex, kifurushi cha marejeo alichokianzisha Philipp Lehman, na kuubadili mtindo wa rejea ili mabano yafungue chanzo. Njia ninayoipenda ni ile nyepesi: kila faili lipewe jina la ufunguo wa rejea yake. Rejea ikiitwa chiraghdin1977, skani nayo iwe chiraghdin1977.pdf ndani ya folda ya vyanzo. Amri ya \IfFileExists inachungulia: faili likiwapo, kiungo kinaelekea huko, lisipokuwapo, kinarudi kwenye orodha kama kawaida. Hakuna kinachovunjika.

Kazi yenyewe iko kwenye ukurasa. Kufungua kitabu kwenye jalada ni rahisi. Kukifungua pale uliponukuu ndiko kunakotaka ufundi. Vitabu vingi vina kurasa za mwanzo zenye namba za Kirumi. Tuseme ni 12: ukurasa wa 45 wa kitabu unakuwa wa 57 wa faili. Basi hiyo 12 inahifadhiwa kwenye hifadhidata ya marejeo, katika sehemu ya akiba kama usera, na LaTeX inajumlisha yenyewe kila inapopanga waraka. Umeandika 45–47? Namba ya kwanza itenganishwe kwanza, la sivyo hesabu inakwama. PDF kwa ndani inahesabu kurasa kuanzia sifuri, lakini hyperref inakupunguzia hiyo moja bila kuombwa. Mambo madogo, na mtu anaweza kupoteza jioni nzima kwa ajili yake. Hata hivyo, si kila kisomaji cha PDF kitatii: vingine vinauliza kwanza kama una uhakika, vingine vinapuuza ukurasa.

Faida yake anaiona anayehariri. Nukuu nyingi huharibika kwa uvivu tu. Mtu anasema atahakiki kesho. Chanzo kikiwa umbali wa mbofyo mmoja, bila bando wala mtandao, unahakiki sasa hivi, na mara nyingi unagundua kwamba sentensi inayofuata ile uliyoinukuu inaipunguza nguvu hoja yako.

Njia ya faili iandikwe kwa kuanzia pale waraka ulipo, isianzie kwenye mzizi wa diski. Hapo unaweza kumpa msimamizi wako folda nzima kwenye flashi, na viungo vikafanya kazi kwake pia. Njia ndefu, ile ya kuanzia kwenye mzizi, ingemfunulia jina la akaunti yako na mpangilio wa mafolda yako, kisha isifungue kitu. Nakala ya kwenda kwa umma ni jambo jingine. Mafundi makini wanaweka swichi moja juu ya mswada: ikizimwa, rejea zenye DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni, zinaelekea mtandaoni, nyingine zinarudi kwenye orodha, na skani za vitabu vya watu zinabaki nyumbani.