Pori si Tupu

Ndugu zangu waandishi chipukizi, nimesoma safari zenu za Mikumi. Zinafanana kama sare za shule. Gari la kukodi, hema juu ya paa, vumbi, simba, jua linazama, kwisha habari. Dereva hana jina, mpishi hana sauti. Na pori, eti, ni tupu.

Tupu wapi, jamani? Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inaipasua katikati. Malori yanapita usiku na mchana. Kuna vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga: twiga na bei yake, ngiri na bei yake. Dereva mwenye usingizi, utingo wake, na twiga mwenye bei. Hadithi hiyo imesimama barabarani, ninyi mmeipita mkikimbilia simba.

Kosa hili ni la zamani. Henry Morton Stanley alivuka bonde la Mkata kwenye masika ya 1871. Kitabu chake cha 1872 kinatupa matope na maradhi. Wapagazi tunawaona zaidi wanapomkasirisha. Sisi tumekalia kiti chake, tumebadilisha punda kwa gari tu.

Lakini tunao babu wengine. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli. Humo Sleman bin Mwenye Tshande anasimulia biashara na hongo. Mtoro bin Mwinyi Bakari anakwenda Udoe na Uzigua, anaandika desturi za watu aliowakuta. Kwao safari ni watu: unamlipa nani, unapatana na nani, unalala kwa nani.

Nakubali, mandhari mnayachora vizuri. Ila neno "tupu" si pambo tu. Mikumi iko wilaya ya Kilosa. Wilaya hiyo hiyo, Desemba 2000, wakulima zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Watu wamekufa kwa ajili ya ardhi, wewe unaandika kwamba haina mwenyewe! Hapo hujakosea lugha, umesema uongo.

Basi fanyeni hivi. Udongo mweusi wa Mkata ukilowa, haujali gari lako linavuta kwa magurudumu mangapi. Likizama, usiandike "tulikwama, kisha tukaendelea". Andika nani alisukuma, alidai kiasi gani, nani alicheka, na mbung'o walimng'ata nani.

Kisha shikeni njia ya Kilosa. Mtapita kijiji kinaitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya, ileile ambayo nusu ya vijana wa mjini wanaiota, tena haidai viza. Shukeni garini, salimieni wazee, ulizeni jina limetoka wapi. Mkirudi bila hadithi, msisingizie barabara.