Umbali Si Utabaka: Uhakiki wa Hoja ya M-Pesa na Usawa wa Kijamii nchini Kenya

Katika mijadala kuhusu teknolojia na maendeleo, mifano michache hutajwa mara nyingi kama M-Pesa, huduma iliyozinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007. Aghalabu mfano huo huambatana na takwimu moja: makadirio ya Tavneet Suri na William Jack, yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016, kwamba huduma hiyo iliziondoa katika umaskini kaya 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya. Takwimu hiyo imesafiri mbali kuliko utafiti wenyewe, na njiani imegeuzwa kuwa ushahidi wa jambo ambalo makadirio hayo hayakulipima: kwamba teknolojia ya mawasiliano, peke yake, yaweza kufuta tofauti za kijamii. Umaskini na ukosefu wa usawa ni dhana mbili. Kaya yaweza kuvuka mstari wa umaskini huku pengo kati yake na tabaka la juu likizidi kupanuka.

Nguvu halisi ya ushahidi wa watafiti hao imo katika makala yao ya mwaka 2014 kuhusu namna kaya zinavyokabili misukosuko. Kaya zisizotumia M-Pesa zilipopatwa na janga, kama vile ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7; matumizi ya kaya zilizokuwa na huduma hiyo hayakutikisika. Maelezo yao yanasadikika. Gharama ya kutuma ilipopungua, jamaa wengi zaidi, na walio mbali zaidi, waliweza kuchangia bila kumkabidhi dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu ifike. Hata hivyo, utaratibu huo una sharti ambalo wapenzi wa teknolojia hawalitaji: sharti awepo, upande wa pili wa laini, mtu mwenye cha kutuma. Mama mwenye mwana aliyeajiriwa Nairobi hupokea. Jirani yake, ambaye wanawe wote ni vibarua katika shamba lilelile analolima yeye, ana simu ya aina ileile na wakala yuleyule, lakini hana wa kumtumia. Pesa zilifuata mkondo wa undugu na ajira uliokuwapo tangu zamani; simu iliuharakisha tu.

Ukosoaji mashuhuri zaidi wa utafiti wa 2016 ni ule wa Bateman, Duvendack na Loubere, uliotolewa mwaka 2019 katika Review of African Political Economy. Hao walielekeza macho kwenye madeni, kwenye biashara ndogondogo zinazokufa, na kwenye faida inayowaendea wenye hisa. Kuhusu madeni wana haki. M-Shwari, mkopo wa simu ulioanzishwa Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na kiwango cha mkopo kilitegemea kumbukumbu za matumizi ya simu na akiba ya mkopaji. Aliyezungusha pesa nyingi akafunguliwa mlango mpana. Aliyezungusha kidogo akapewa kidogo, kwa asilimia ileile. Lakini ukali wa ukosoaji huo unajikita kwa wale waliokwisha kuingia katika mfumo. Swali linalotangulia, la nani anaruhusiwa kuingia, halipewi uzito unaostahili.

Tangu mwanzo, kujisajili kulihitaji stakabadhi ya utambulisho, na nchini Kenya kitambulisho cha taifa hakijapata kugawanywa kwa usawa. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari, wamelazimika kwa miongo mingi kupigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupewa kile ambacho vijana wa jamii nyingine hupewa wakifika umri wa miaka 18. Wasomali wa Kenya nao wamepitia mlango huohuo. Kwa asiye na kitambulisho, kibanda cha wakala kikiwa mbele ya nyumba yake ni mandhari tu. Hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine, na akiba yake hukaa mikononi mwa huyo mwingine.

Hali ya Wamakonde wa Kwale inalidhihirisha hili wazi zaidi. Wazazi wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba makubwa ya pwani enzi ya ukoloni, nao wakaishi Kenya kwa vizazi kadhaa bila uraia. M-Pesa ilipozinduliwa, sheria haikuwatambua. Ilipotimiza miaka 9, bado haikuwatambua. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Ni baada ya agizo hilo ndipo waliweza kusajili laini kwa majina yao wenyewe.