Askari Mzee na Ushahidi Wake: Masimulizi ya Kudai Pensheni, kutoka Mwanza hadi Butembo na Beni

Fasihi ya Kiswahili ya vita ni kongwe na ni pana. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi katika Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert naye akavishughulikia vita vya 1939 hadi 1945 katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Katika tungo hizo msomaji hukutana na majemadari, majeshi, mizinga, ushindi na maangamizi. Asiyekutana naye ni askari wa kawaida miaka arobaini baada ya mapigano, ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, akingoja kuitwa jina lake. Utenzi hukoma pale vita vinapokoma, na maisha ya aliyepigana huachwa nje ya beti.

Makala haya yanadai kwamba ugumu wa kumsimulia mzee huyo hautokani na uhaba wa visa. Unatokana na suala la ushahidi, yaani ni nani anayekubaliwa kuthibitisha kwamba mtu fulani alikuwa askari, kwa kitu gani, na kwa lugha gani. Simulizi ya kudai pensheni husimama au huanguka kwa jinsi inavyolijibu suala hilo. Miji ya Butembo na Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, imechaguliwa hapa kwa sababu huko suala lenyewe limekunjana kuliko mahali pengi penye wasemaji wa Kiswahili.

Mhusika wa aina hii anayejulikana zaidi duniani ni kanali asiye na jina katika riwaya fupi ya Gabriel García Márquez, El coronel no tiene quien le escriba (Kanali hana wa kumwandikia), iliyotoka kwanza jaridani mwaka 1958 na kuwa kitabu mwaka 1961. Kanali alipigana upande wa walioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kolombia vilivyomalizika mwaka 1902. Kila Ijumaa huteremka bandarini kuilaki mashua ya posta, na barua ya pensheni haiji. Nyumbani ana mke mwenye pumu na jogoo wa kupiganisha aliyeachwa na mtoto wao aliyeuawa. Wahakiki humtazama sana jogoo huyo, na hawakosei, kwani ni ishara iliyopangwa kwa ustadi. Hata hivyo, kwa madhumuni ya makala haya kipo kitu kidogo zaidi kinachostahili kutazamwa, nacho ni stakabadhi. Katika ujana wake kanali alikuwa mweka hazina wa mapinduzi. Alisafirisha masanduku mawili ya fedha za vita juu ya nyumbu, akayakabidhi, akapewa hati ya mapokezi. Hati hiyo ndiyo roho ya madai yake yote, nayo imezama katika maofisi ya serikali, mkono hadi mkono, waziri hadi waziri. Ukatili wa riwaya umo humo. Hakuna ofisa anayesema kwamba kanali ni mwongo. Kila mmoja angemlipa, laiti karatasi ingekuwa mezani kwake.

Kisa cha pili ni cha karibu zaidi, nacho hupendwa mno na watu wanaozungumzia historia ya askari wa Kiafrika. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Jenerali Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani ya Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa hai wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, wale waliopigana hadi mwaka 1918. Kwa mujibu wa Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya vita hivyo, wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa na jenerali. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengi hawakuwa na kitu. Ndipo mtu wa benki aliyeleta fedha akapata wazo: kila mzee alipewa fagio kama bunduki, kisha akaamrishwa kwa Kijerumani kuonyesha gwaride la silaha. Wote wakafaulu.

Kama jambo hilo lilitokea kama linavyosimuliwa, au lilipambwa njiani, si hoja ya msingi kwa mhakiki. Hoja ni jinsi kisa kilivyojengwa na sababu ya kupendwa kwake. Muundo wake ni wa ngano: kuna kizuizi, kuna mtihani, kuna ushindi. Karatasi inaposhindwa, mwili unatoa ushahidi. Misuli ya mzee inakumbuka kile ambacho kabati la ofisi limekipoteza. Katika hilo kisa kinamzidi kanali wa Kolombia, ambaye hana njia yoyote ya kuionyesha historia yake kwa kiwiliwili chake.

Lakini msomaji anayecheka kwa furaha mwishoni hana budi kujiuliza ni nani anayesimulia. Katika kisa chote hakuna mzee hata mmoja anayesema neno. Sauti inayosikika ni ya amri, na amri ni za Kijerumani. Ili alipwe haki yake, mtu wa miaka sabini analazimika kurudi kuwa kijana anayeamrishwa, tena mbele ya hadhara, tena akiwa na fagio. Kinachothibitishwa na fagio ni utii. Majeraha, njaa ya miaka minne, wenzake waliozikwa njiani, jamaa walioachwa bila mchungaji, hayo yote hayamo katika mtihani, kwa kuwa hayana amri yake ya Kijerumani. Kisa hiki kinasifiwa kwa utu wake. Ingekuwa sawa zaidi kukisifu kwa werevu wa mtu wa benki na kuishia hapo.

Sasa na azingatiwe mzee wa Butembo au Beni. Aliyeandikishwa jeshini mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 20, alitimiza miaka 80 mwaka 2025. Aliingia katika jeshi lililoitwa ANC, ambalo nalo lilikuwa Force Publique ya Wabelgiji hadi mwaka 1960. Mwaka 1971 jeshi hilo likawa FAZ. Mwaka 1997 likawa FAC. Mwaka 2003 likaundwa FARDC. Serikali aliyoapa kuitumikia ilianguka pamoja na Mobutu. Fedha aliyolipwa nayo haipo tena: Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ikaifuta zaire hiyo mpya. Tena, kati ya vita vya 1998 na muungano wa majeshi wa 2003, Beni na Butembo zilitawaliwa na RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, iliyokuwa na jeshi lake lenyewe, APC. Kanali wa García Márquez ana serikali moja yenye mawaziri wengi. Mzee wa Butembo ana nyumba moja iliyopitiwa na serikali nyingi.

Na nyumba hiyo si lazima iwe imesimama. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya mazingira ya Beni vimeshambuliwa mara kwa mara, watu wakauawa na wengine wakakimbia usiku. Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Cheti cha utumishi hubaki chini ya kitanda na kuungua na paa. Hapa fasihi inakutana na jambo ambalo riwaya ya Kolombia haikulihitaji, kwani huko karatasi ilipotelea serikalini, ilhali huku imepotea kwa pande zote mbili.

Sheria ipo. Sheria Na. 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 inaweka hali ya kazi ya mwanajeshi wa Kongo, kustaafu kukiwemo. Hata hivyo, wachunguzi wa jeshi hilo wameandika mara nyingi kwamba askari wazee huendelea kubaki kambini wakiwa wamepita umri wa kustaafu, kwa kuwa mshahara mdogo unaofika ni bora kuliko malipo ya uzeeni yasiyofika. Mwandishi wa tamthilia angeweza kupata humo kichekesho kichungu kuliko cha jogoo: mzee anayejificha asistaafishwe.

Suala la lugha linazidisha ugumu. Mzee wa Butembo, kama ni Mnande, hupigana na usingizi kwa Kinande, hununua chumvi kwa Kiswahili, alipokea amri kwa Lingala, ambayo ndiyo iliyokuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni, na sharti aombe haki yake kwa Kifaransa. Maisha yake ya askari yamo katika lugha moja, na ombi lake limo katika nyingine. Msomaji wa Dar es Salaam ana neno kiinua mgongo, lenye picha ya mtu aliyeinama kwa kazi akisaidiwa kunyooka. Karani wa Kongo ana neno la Kifaransa tu, lisilo na mgongo ndani yake. Mtunzi atakayeandika kisa hiki kwa Kiswahili sanifu kitupu, kuanzia kambini hadi dirishani kwa karani, atakuwa amekiua kabla hakijaanza, maana atakuwa ameondoa kile hasa kinachomzuia mzee kulipwa.

Kwamba jambo hilo linawezekana kuandikwa kumekwisha kuthibitishwa na matini moja ya Kongo yenyewe. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, André Yav alikusanya Vocabulaire de ville de Elisabethville kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Jina ni la Kifaransa. Matini ni ya Kiswahili cha Katanga. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, na tangu hapo imesomwa zaidi kama hati ya historia na ya isimu. Inastahili kusomwa pia kama madai. Wazee wa jikoni na wa bustanini wanaihesabu koloni nzima kwa jicho la aliyeihudumia, na wanafanya hivyo bila mtu wa benki wa kuwapa fagio. Tahajia yake si thabiti, mpangilio wake unarukaruka, na wako waliouona huo kuwa upungufu. Ni upungufu kwa mtahini wa sarufi. Kwa simulizi ya madai ni nguvu, kwa sababu sauti haijanyooshwa ili ofisi iridhike.

Upo mwisho mwingine unaoweza kumvuta mtunzi, nao ni nishani. Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka 100, aliyetajwa kuwa wa mwisho kati ya Wakongo waliotumika katika Vita Vikuu vya Pili na aliyefika hadi Burma. Heshima hiyo ilimstahili kabisa. Lakini kisanaa nishani ni mwisho hatari: humpa mzee mmoja nafasi ya wote, na picha yake hulifunga faili la waliofariki bila kuitwa. Simulizi ya pensheni haiwezi kumalizikia kifuani mwa mtu, kwa kuwa nishani hainunui unga.

Butembo na Beni zinatenganishwa na kilometa 54 za barabara ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ya hofu. Goma ilipotekwa na M23 Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamishia shughuli zake Beni. Kwa mtunzi wa riwaya hilo ni badiliko kubwa la mandhari: dirisha lililokuwa mbali, ng'ambo ya vita, lilisogea likawa umbali wa safari ya pikipiki ya nusu siku. Mtunzi huyo atapaswa kuamua mzee wake aingie mlangoni akiwa na nini mkononi, na karani amuulize kwa lugha gani. Kumbukumbu za utumishi wa jeshi, kwa wakati wote huo, hazikuwa za jimbo. Zilikuwa za Kinshasa, ambako hakuna barabara ya kufika kutoka Butembo.