Karatasi au Silikoni

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kilwa Masoko, barabara kuu unaiacha Nangurukuru. Hapo njia panda mabasi na malori yanayoendelea Lindi hayakosekani, na palipo na magari hapakosi mafundi. Ukibahatika kukuta Land Rover 110 ya zamani imepandishwa kwenye magogo, kava ya difu ya nyuma imefunguliwa na oili namba 90 inachuruzika kwenye beseni, omba kigoda ukae. Nasema Land Rover kwa sababu difu yake ya Salisbury hufunguliwa kwa nyuma, bolti kwa bolti. Land Cruiser nyingi hausingi imechomelewa mgongoni na difu hutolewa kwa mbele, ingawa nako chuma hukutana na chuma na lazima kiwepo kitu cha kuziba katikati.

Dereva huwa ameshaamua. Anataka silikoni, ni ya kisasa, inapakwa mara moja, yeye aondoke. Fundi anayejua kazi habishani naye. Anamuuliza tu, "Kaka, safari lini?" Akijibiwa leo leo, anachukua karatasi ya gasketi.

Wengi wangetarajia kinyume. Lakini silikoni ya tyubu hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani. Baada ya dakika chache ngozi yake haigandi tena kidoleni, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ndani bado mbichi, na kuiva yote huchukua kama saa 24. Unyevu wa pwani, huu huu unaotutafunia mabati, unaisaidia, ila si kiasi cha kuiwezesha kuhimili oili ya moto muda mfupi baada ya kupakwa. Gasketi ya karatasi haina la kusubiri. Ikishabanwa, mimina oili uende.

Silikoni nayo ina siku yake. Kava ya bati iliyokazwa na kukazwa kwa miaka hutuna penye matundu ya bolti, na kati ya tundu na tundu panabaki uwazi ambao karatasi haiujazi. Fundi mwenye haki na mteja huilaza kava juu ya kioo, akachungulia mwanga unapopita, akairudisha kwa nyundo palipotuna. Ikigoma kunyooka, ndipo anapofungua tyubu. Anavuta mstari mmoja usiokatika, unene wa milimita 3 hivi, unaopita upande wa ndani wa kila tundu. Bolti anazikaza kwa vidole tu mpaka silikoni ichungulie ukingoni, anaziacha kama saa moja, kisha anamalizia kwa spana, moja ya huku na mwenzake wa upande wa pili. Ninapoona silikoni imefurika nje pande zote, najua na ndani imefurika hivyo hivyo, na vipande vyake vitazunguka na gia kwenye oili.

Kwa njia yoyote ile, nusu ya kazi ni kusafisha. Mabaki ya gasketi ya zamani hukwanguliwa bila kuchimba chuma, kisha tambara lenye petroli. Tabu ni kwamba oili hubaki ikishuka kidogo kidogo kutoka kwenye mirija ya ekseli, na tone moja likifika kwenye ukingo uliokwisha kufutwa, silikoni haishiki pale. Mvumilivu huliacha gari litone, akanywa chai, akarudi kufuta upya.

Gasketi ya kiwandani isipopatikana, uvumilivu huo huhamia kwenye karatasi, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko popote. Karatasi ya gasketi hulazwa juu ya kava na kushikizwa kwa bolti mbili zisihame. Nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo hugonga taratibu kuufuata ukingo. Ukingo wa chuma wenyewe ndio unaokata. Kwa matundu, gololi iliyotolewa kwenye beringi mbovu huwekwa juu ya tundu, ikagongwa, kiduara cha karatasi kikadondoka. Hakuna mkasi, hakuna penseli, na tundu linakaa mahali pake kuliko lingepimwa kwa rula. Anayegonga kwa hasira huuumiza ukingo, akajitengenezea uvujaji mpya.

Kilwa Kivinje, si mbali na hapo, mafundi wa vyombo vya baharini wana swali lile lile kwa mbao. Wao wanapokalafati, pamba iliyoloweshwa mafuta hushindiliwa kwenye maungio kwa chembeu na nyundo. Pamba ikipungua chombo kinavuja. Ikishindiliwa kupita kiasi, ubao unaachana na mataruma. Bolti ya difu nayo ukiizidishia mkono unaipinda kava, na gasketi yako nzuri inabaki kubana nusu tu.

Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Lindi maeneo ya Somanga. Nyakati kama zile, kava iliyofungwa vizuri peke yake haitoshi. Difu ya moto ikizama kwenye maji, hewa ya ndani hupoa na kunywea. Kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli kikiwa kimeziba kwa matope, maji huvutwa kupitia sili, oili ikapauka ikawa nyeupe. Kiangazi, kitundu hicho hicho kikiziba, joto huisukuma oili nje kupitia sili hizo hizo, na mwenye gari huilaumu gasketi.

Kwa hiyo fundi wangu wa njia panda hajazi oili kabla hajakifungua kitundu, akakizibua kwa waya, akakipuliza, na kama gari ni la porini akakiunganishia mpira unaopanda hadi juu ya fremu. Ndipo anapomimina mpaka oili ichungulie kwenye tundu la kujazia, akafunga plagi na kutaja bei. Dereva hulalamika kwamba ni pesa nyingi kwa kipande cha karatasi.