Rimu ya Inchi Ngapi kwa Gari la Umeme Linalovuta Karavani?

Rivian R1S za toleo la kwanza, zilizotoka kiwanda cha Normal, Illinois, ziliuzwa na rimu za saizi tatu: inchi 20, 21 na 22. Anayelitaka gari la kwendea kazini huchagua rimu kwa macho, na hakuna ubaya. Lakini gari hilohilo linaruhusiwa kuvuta karibu kilo 3,500, na wako Wamarekani wengi wanaolifunga karavani na kushika barabara kuu. Hapo uchaguzi wa rimu huwa jambo jingine kabisa. Wengi huuliza rimu ipi itawafikisha mbali zaidi kwa chaji moja. Kwa maoni yangu, mwenye karavani nyuma anapaswa kuuliza kwanza tairi lipi litabeba.

Tuzisome saizi zenyewe: 275/65R20, 275/55R21 na 275/50R22. Upana ni mmoja, milimita 275. Namba ya katikati ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Kwa hiyo rimu ya inchi 20 ina ubavu wa milimita 179, ya 21 ina 151, na ya 22 ina takriban 138. Ukipima tairi zima kutoka chini hadi juu, la inchi 21 na la inchi 22 yanakaribiana sana, milimita 836 na 834. La inchi 20, ambalo ni la njia mbovu, linayapita yote kwa kufika 866.

Suala la masafa tulimalize mapema. Chukua karavani ya kilo 2,500, gari lenye watu na mizigo kilo 3,400, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, barabara tambarare, hakuna upepo. Eneo la mbele la msafara mzima likizidishwa na kipimo cha umbo lake, nakadiria lipate mita 3 za mraba. Kuikata hewa peke yake kunakula kama kilowati-saa 39 kwa kila kilomita 100. Kubingirika kwa matairi yote, ya gari na ya karavani, kunakula kama 16. Jumla ni 55, na ukiongeza upotevu wa mota na mifumo mingine, betri inatoa zaidi ya 60.

Sasa badilisha matairi ya gari, utoe yale laini ya lami na kuweka yenye kashata nene. Ukinzani wa kubingirika ukipanda kutoka sehemu 8 hadi 11 kwa elfu ya uzito, utaongeza kama kilowati-saa 3 tu. Hiyo ni asilimia 5 ya matumizi. Badiliko hilohilo kwa gari lisilovuta kitu lingekuwa kama asilimia 13, kwa kuwa gari peke yake linatumia karibu 21 kwenye hesabu hii. Karavani haikupunguza hasara ya tairi. Imeleta hasara kubwa zaidi inayoifunika. Na ukishusha mwendo kutoka 100 hadi 90, hewa inakurudishia zaidi ya kilowati-saa 7. Mguu wa kulia unaokoa umeme maradufu na zaidi ya rimu yoyote utakayonunua.

Penye hatari ni kwenye uzito, na uzito wenyewe hauongezeki pale tunapodhani. Kwa karavani ya Marekani, ulimi wa tela unatakiwa kulalia ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa karavani. Kwa kilo 2,500 tuseme 300. Kilo hizo haziko juu ya ekseli, ziko nyuma yake. Gari lina mita 3.08 kati ya ekseli na ekseli. Tukikadiria ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, basi zile kilo 300 zinakuwa kama 417 kwenye ekseli hiyo, na ya mbele inanyanyuliwa kilo 117. Tuchukulie ekseli ya nyuma ilikuwa na kilo 1,650 kabla ya safari, ukaongeza 200 za abiria wa nyuma na mizigo. Jumla inafika karibu 2,270. Kila tairi la nyuma limebeba 1,135.

Nenda usome ubavu wa tairi. Baada ya saizi kuna namba ya mzigo: 113 maana yake kilo 1,150, na 116 ni kilo 1,250. Mtu atasema 113 inatosha. Haitoshi, kwa sababu kanuni za Marekani zinataka tairi la gari dogo likifungwa kwenye gari la aina hii uwezo wake ugawanywe kwa 1.10. Ile 1,150 inabaki 1,045, na 1,250 inabaki 1,136. Yaani kwa mfano wetu, 116 imefika kwa kilo moja, na 113 imeshindwa kwa kilo 90. Pima ekseli yako kwenye mizani ya malori, maana makadirio yangu si gari lako. Lakini rimu isiyokuletea tairi lenye namba ya kutosha iache, hata ikipendeza namna gani.

Kinachobeba mzigo ndani ya tairi ni upepo, na tairi lenye ubavu mrefu kwenye rimu ndogo lina nafasi kubwa zaidi ya kuuhifadhi. Ndiyo sababu rimu kubwa hulazimika kutafuta uwezo kwa presha kubwa na nyuzi imara zaidi. R1S huelekezwa kujazwa PSI 48 matairi yakiwa baridi. Tairi lililopungua upepo chini ya mzigo hujikunja kila mzunguko, hupata moto, na moto ndio unaolipasua.

Ubavu mrefu una gharama yake. Karavani ikisukumwa na lori linaloipita, ulimi unavuta nyuma ya gari kushoto na kulia, na ubavu laini pamoja na kashata ndefu hunesa kabla ya kushika. Dereva anausikia mkia wa gari ukichelewa. Hapo ubavu mfupi wa inchi 22 una sifa yake ya kweli: unatulia. Sifa hiyo inakwisha kwenye shimo la kwanza, ambapo milimita 138 ni kinga ndogo mno kwa rimu iliyobanwa na kilo 1,100. Magari mengi ya umeme hayana spea, na kukwama kando ya barabara na karavani nyuma si sawa na kukwama peke yako.

Kwa hiyo mimi, kwa anayelala kwenye kambi zenye lami hadi mlangoni, ningempa inchi 21. Kwa anayekwenda majimbo ya magharibi, kwenye njia za changarawe, ningempa inchi 20, nikijua ananesa kidogo na analipa ile asilimia 5. Kuna sababu ambayo matangazo hayaitaji: 275/65R20 ndiyo saizi ya matairi ya pikapu kubwa kama Ford F-250, kwa hiyo duka la matairi la mji mdogo linaweza kuwa nayo. Ukinunua hayo ya pikapu, usidanganywe na namba yake kubwa ya mzigo. Inapatikana kwenye PSI 80. Ukiyajaza 48 uwezo unashuka sana, na jedwali la mtengenezaji ndilo litakalokuambia ni kiasi gani. Pia tairi hilo linapandisha ndoano kama milimita 15 kuliko la inchi 21, kwa hiyo shusha kiti cha mpira wa kuvutia mpaka karavani ikae sawa, hasa yenye ekseli mbili.

Na ukishamaliza gari, inama uangalie matairi ya karavani. Hayo hukaa miezi juani bila kutembea, yakazeeka kabla kashata hazijaisha. Namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ni tarehe ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama ni tairi la tela lisilo na herufi ya mwendo, kikomo chake ni maili 65, yaani kilomita 105 kwa saa.